Yoga, mgongo na pumzi: yanayosaidika na yasiyosaidika



Mwezi huu tutazungumza juu ya mazoezi yanayoitwa yoga. Pengine utashangaa. Wengi wetu tunadhani yoga ni mambo ya Wahindi, au ya watu wa mjini wenye nafasi ya kukaa juu ya mkeka mchana kutwa. Yanatuhusu nini sisi wa Mwakitolyo, Kakola, Nyarugusu na Rwamagasa, ambao miili yetu iko kazini toka alfajiri hadi jioni?

Yanatuhusu kwa sababu hii. Tuseme kuna baba mmoja ambaye amefanya kazi ya duara kwa miaka 10. Amepiga sururu, amebeba viroba vya mawe mgongoni, amepanda na kushuka kwa kamba. Sasa mgongo unamwuma kila siku. Asubuhi anainama kuvaa viatu kwa shida. Jioni anapita dukani kununua vidonge vya maumivu. Leo anameza viwili, kesho vitatu. Pamoja na mgongo ana kikohozi kisichoisha, naye husema, "Ni vumbi tu."

Siku moja kijana wake anamwonyesha video katika simu. Mtu amekaa amekunja miguu, anasema kwamba yoga inaponya mgongo, kifua, presha, kukosa usingizi na hasira. Baba anajaribu. Baada ya wiki kadhaa mgongo unapata nafuu. Anafurahi, na kwa kuwa mgongo umepata nafuu, anaamini kwamba kikohozi nacho kitaondoka. Hospitali haendi.

Hapo ndipo penye hatari, ndugu msomaji. Katika video ile ile baba huyu amepokea jambo la kweli na jambo lisilo la kweli, yamefungwa katika furushi moja. La kweli limemsaidia. Lisilo la kweli linaweza kumwua. Hebu tulifungue furushi hilo taratibu, tuone nini kimo ndani.

YOGA NI NINI?

Yoga ilianza India zamani sana, kabla ya kuzaliwa Bwana wetu Yesu Kristo. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya huko, na asili yake ni kuunganisha au kufunga nira. Mkulima wa Usukuma anayelima kwa ng'ombe hahitaji kuelezwa nira ni nini: ni mti unaowaunganisha ng'ombe wawili ili wavute pamoja. Kwa watu wa India, yoga ilikuwa njia ya kufunga mwili, pumzi na mawazo chini ya nira moja, na ilikuwa sehemu ya dini yao.

Siku hizi watu wengi duniani wanaposema yoga wanataja mambo matatu tu: kunyoosha na kukunja viungo taratibu, kupumua polepole, na kutuliza mawazo. Mwezi wa Desemba 2014 Umoja wa Mataifa ulitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, nayo ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Hapa kwetu Afrika Mashariki, mjini Nairobi, tangu mwaka 2007 kuna shirika liitwalo Africa Yoga Project ambalo limewafundisha vijana, wakiwemo wa mitaa ya maskini, kuwa walimu wa mazoezi haya. Kwa hiyo si jambo la mbali tena.

WATAALAMU WAMEPIMA NINI KUHUSU MGONGO?

Mtu mmoja akisema, "Nilifanya zoezi hili nikapona," huo ni ushuhuda wake, tena tunafurahi pamoja naye. Lakini ushuhuda wa mtu mmoja hautoshi kujua dawa. Pengine angepona hata bila zoezi. Ndiyo maana wataalamu huwakusanya wagonjwa wengi, wakawagawa kwa kura katika makundi, kila kundi likapewa matibabu yake, kisha wakalinganisha. Ni kama mkulima anayepanda mbegu mbili za pamba katika shamba moja ili aone ipi inazaa zaidi.

Maumivu ya mgongo yamepimwa kwa njia hiyo mara nyingi. Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika jimbo la Washington, Marekani, kwa watu 228 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Kundi la kwanza lilifanya yoga kwa wiki 12. Kundi la pili lilifanya mazoezi ya kawaida ya kunyoosha viungo. Kundi la tatu lilipewa kitabu cha ushauri lisome lenyewe. Waliofanya yoga walipata nafuu kuliko wale wa kitabu. Lakini waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo nao walipata nafuu sawasawa na wale wa yoga!

Mwaka 2017 yakatoka matokeo mengine, ya mjini Boston. Walikuwa watu 320, wengi wao wa kipato kidogo. Baadhi walifanya yoga, baadhi walihudumiwa na wataalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali, na baadhi walipewa kitabu. Yoga ilisaidia karibu sawa na huduma ya wataalamu wa hospitali. Tena, wa makundi hayo mawili waliotumia vidonge vya maumivu walikuwa wachache kuliko wale wa kitabu. Mwaka huo huo chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliwashauri madaktari kwamba, kwa maumivu ya mgongo ya muda mrefu, waanze na njia zisizo dawa, kama vile mazoezi, yoga ikiwemo, kabla ya kuandika vidonge.

Mwaka 2022 wataalamu wa shirika la Cochrane walikusanya pamoja tafiti 21 za namna hiyo, zenye jumla ya watu 2,223. Wakaona kwamba yoga inapunguza maumivu na kumwezesha mtu kufanya kazi zake vizuri zaidi, lakini nafuu yenyewe si kubwa. Na ilipolinganishwa na mazoezi mengine ya mgongo, tofauti ilikuwa ndogo au haikuwepo. Wakaona pia kwamba baadhi ya watu mgongo uliwazidi kuuma walipofanya yoga, kama inavyotokea katika mazoezi mengine yoyote.

TUJIFUNZE NINI HAPO?

Kwanza, mgongo unaouma kwa muda mrefu haupendi kulazwa kitandani. Unapenda kuchezeshwa kwa utaratibu. Misuli iliyokaza ikinyooshwa, na misuli ya tumbo na kiuno ikipata nguvu, uti wa mgongo unapata wasaidizi wa kubeba mzigo.

Pili, siri haimo katika jina. Awe mtu anaita yoga, au mazoezi ya viungo, faida inakuja kwa kunyoosha mwili taratibu, mara kwa mara, kwa wiki nyingi. Haihitaji mwalimu wa kulipwa wala nguo za pekee.

Tatu, kuna uzito mwingine wa kufikiria: vidonge. Diklofenaki na dawa za aina yake zinasaidia kwa siku chache. Lakini anayezimeza kila siku kwa miezi anaweza kupata vidonda vya tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha ya damu. Mtu akiweza kupunguza vidonge kwa kunyoosha mwili dakika 15 kwa siku, amejiokoa na mengi, tena ameokoa fedha ya ada ya mtoto.

Labda utasema, "Mimi nafanya kazi nzito kutwa nzima, mazoezi ya nini tena?" Swali ni zuri. Kubeba kiroba, kuponda mawe kwa nyundo, kuinama na jembe au kuchuma pamba ni kazi ya mwili kweli, lakini inatumia misuli ile ile upande ule ule kila siku. Mwili unazoea kuinama mbele, unasahau kunyooka. Mazoezi haya yanaurudisha upande wa pili. Ndiyo maana yanawafaa akina mama wanaoponda mawe na kuteka maji mbali, kama yanavyowafaa wachimbaji.

ROZARI NA PUMZI

Sasa tuje kwenye pumzi. Hapa kuna habari ambayo familia za Kikristo zitapenda kuisikia.

Mtu mzima akiwa ametulia, kwa kawaida hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mwaka 2001 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha utafiti wa daktari Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, pamoja na wenzake. Waliwapima watu 23 wenye afya njema. Waliwataka wasali Salamu Maria kwa Kilatini, kwa kupokezana kama tunavyofanya katika Rozari. Kisha waliwataka watamke maneno ya kurudiarudia yanayotumika katika yoga. Muda wote walipima pumzi, mapigo ya moyo na presha.

Waliona nini? Kwa njia zote mbili pumzi ilishuka hadi karibu mara 6 kwa dakika. Na kwa mwendo huo wa pumzi, moyo na mishipa ya damu ilifanya kazi kwa kupatana zaidi. Mwili ulirekebisha presha yake kwa wepesi. Sababu ni rahisi kuelewa. Anayesali nusu ya kwanza kwa sauti anatoa pumzi polepole. Wenzake wanapoitikia, yeye anavuta pumzi. Mzunguko mmoja unachukua kama sekunde 10, na sekunde 10 mara sita ni dakika moja.

Tusielewe vibaya. Rozari si kidonge, wala hatuisali ili tushushe presha. Tena watu 23 ni wachache, na walipimwa kwa muda mfupi tu. Lakini utafiti huu unatuonyesha kwamba faida ya pumzi ya polepole si mali ya watu wa yoga peke yao. Babu na bibi zetu waliosali jioni kwa utulivu walikuwa nayo bila kujua. Nasi tukisali haraka haraka kama watu wanaokimbia mvua, pumzi haiwezi kutulia, na wala moyo hautulii. Haraka haraka haina baraka.

Kwa wagonjwa wa pumu, tafiti 15 zilizokusanywa mwaka 2016 zilionyesha kwamba yoga huenda ikawapa nafuu ndogo. Lakini hakuna aliyewaambia waache dawa zao za kuvuta. Ni hivyo hivyo kwa presha: mazoezi ya polepole yanaweza kuishusha kidogo, lakini mwenye presha asiache vidonge vyake bila kuongea na daktari.

JE, YOGA INABADILISHA TABIA?

Machimboni kuna wasiwasi mwingi. Leo mtu amepata, kesho amekosa. Deni limekua, familia iko mbali, duara limejaa maji. Wengine wanatafuta utulivu katika gongo. Wengine hasira zao zinaishia kwa mke na watoto. Je, mazoezi haya yanasaidia hapo?

Mwaka 2013 watafiti wa Oxford, Uingereza, walitoa matokeo ya utafiti uliofanyika katika magereza saba ya nchi hiyo. Wafungwa walifanya yoga kwa wiki 10, na kundi lingine liliendelea na ratiba ya kawaida. Jumla ya wafungwa 100 walifika mwisho wa vipimo. Waliofanya yoga walisema wana msongo mdogo wa mawazo na hali yao ya moyo ni nzuri zaidi. Kisha walipewa jaribio la kompyuta: bonyeza ukiona alama hii, jizuie ukiona alama ile. Waliofanya yoga walijizuia vizuri zaidi.

Kujizuia! Ndilo jambo gumu kwa mtu mwenye hasira: ile nafasi ndogo kati ya kuchokozwa na kuinua mkono. Hata hivyo tuwe wakweli. Jaribio la kompyuta si nyumba yenye watoto na deni. Utafiti huu haukupima kama mtu aliacha kumpiga mkewe. Unatuambia tu kwamba mwili uliotulizwa kwa mazoezi unaweza kumsaidia mtu kujitawala. Maamuzi ya kuacha pombe na kupatana na jirani bado ni ya mtu mwenyewe, kwa neema ya Mungu na msaada wa jumuiya.

MKATOLIKI ANAWEZA KUFANYA MAZOEZI HAYA?

Swali hili ni la haki, kwa sababu yoga ilizaliwa katika dini nyingine. Tarehe 15 Oktoba 1989 Idara ya Mafundisho ya Imani huko Roma, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, ilitoa barua kwa maaskofu juu ya namna za kutafakari, na yoga ilitajwa ndani yake. Barua hiyo haikusema kwamba kunyoosha mwili ni dhambi. Ilionya juu ya jambo lingine: mtu asidhani kwamba utulivu unaopatikana kwa mazoezi ya mwili ndio faraja ya Roho Mtakatifu, wala asibadilishe sala, ambayo ni mazungumzo na Mungu, iwe ufundi wa kujituliza tu.

Kwa hiyo, kunyoosha mgongo ni kunyoosha mgongo. Maneno ya ibada ya dini nyingine hayahitajiki ili misuli ilegee; tumeona kwamba mazoezi ya kawaida yalisaidia sawasawa. Mwenye mashaka na amwulize paroko wake. Lakini asiache kuutunza mwili wake kwa kuogopa neno.

YALE AMBAYO YOGA HAIWEZI

Sasa tumefika mahali muhimu kuliko pote. Tafadhali soma sehemu hii kwa sauti, wote nyumbani wasikie.

La kwanza ni vumbi. Mawe yenye dhahabu mara nyingi yana madini yaitwayo silika. Mawe yanapochorongwa na kusagwa, vumbi laini la silika huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Mwaka 2015 ulitolewa utafiti uliopima vumbi hilo kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Tanzania. Kwa wanaochoronga chini ya ardhi, silika ilikuwa zaidi ya mara 300 ya kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya usalama kazini ya Marekani. Hata juu ya ardhi ilikuwa kama mara 4. Makovu hayo hayana dawa ya kuyaondoa. Hakuna pumzi ya polepole inayoweza kufagia silika mapafuni. Kinga ni kulowanisha mawe kwa maji kabla ya kuchoronga na kusaga, kuvaa kinga nzuri ya pua na mdomo, na kutolaza watoto karibu na karasha.

La pili ni kifua kikuu. Mapafu yenye silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, kutema damu: hayo si mambo ya mkeka na mazoezi. Ni mambo ya kupima makohozi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kwa kawaida hutumika miezi 6, na mgonjwa akizimaliza anapona. Asiyekwenda anawaambukiza wale anaolala nao chumba kimoja.

La tatu ni zebaki. Wengi tunaifahamu: inachanganywa na mchanga wenye dhahabu, kisha inachomwa. Mvuke wake haunuki wala hauonekani. Mwaka 2003, chini ya mradi wa Shirika la Maendeleo ya Viwanda la Umoja wa Mataifa, wataalamu waliwapima watu wa Rwamagasa, nao wakakuta dalili za sumu ya zebaki kwa baadhi ya wanaochoma. Dalili zake ni zipi? Mikono kutetemeka, kukosa usingizi, kusahau, wasiwasi, hasira za haraka, ladha ya chuma mdomoni.

Umeona, ndugu msomaji? Kukosa usingizi, wasiwasi na hasira ni mambo yale yale ambayo video inasema yoga itayaondoa! Mtu anaweza kupumua polepole kila jioni, akajisikia afadhali, na kesho akarudi kuchoma zebaki jikoni kwake. Sumu inaendelea kuingia, na nafuu ile ndogo inaificha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Zebaki isichomwe nyumbani wala karibu na watoto na mama wajawazito. Ichomwe mbali, katika chombo kilichofungwa kinachoukusanya mvuke. Mwenye dalili hizi amweleze mganga wazi kwamba anafanya kazi na zebaki.

MAZOEZI MATANO YA NYUMBANI

Tandika mkeka au kitenge mahali safi pasipo na vumbi, mbali na karasha na mahali pa kuchomea. Usifanye ukiwa umeshiba. Akina mama wavae suruali au kaptula ndefu chini ya khanga. Kila zoezi lifanywe polepole, bila kuruka wala kujilazimisha. Kuhisi misuli inavutika ni sawa. Maumivu makali ni amri ya kuacha.

1. Kupandisha na kushusha mgongo. Piga magoti na uweke viganja chini, kama mtoto anayetambaa. Ukitoa pumzi, pandisha mgongo juu kama paka aliyeona mbwa. Ukivuta pumzi, ushushe taratibu na uinue kichwa. Rudia mara 10.

2. Kupumzisha kiuno. Ukiwa bado magotini, kalia visigino, inama mbele, nyoosha mikono na uweke paji la uso chini. Kaa hivyo kwa pumzi 6 za polepole. Mwenye magoti mabovu aache zoezi hili.

3. Goti kifuani. Lala chali. Vuta goti moja kifuani kwa mikono miwili, shikilia kwa pumzi 5, kisha badilisha mguu. Fanya mara 3 kila upande.

4. Kuinua kifua. Lala kifudifudi, viwiko chini ya mabega. Inua kifua tu, kiuno kikae chini. Kaa kwa pumzi 5, shuka, rudia mara 3. Zoezi hili ni kwa ajili ya wale wanaoinama kutwa. Likipeleka maumivu mguuni, liache. Mama mjamzito asilifanye.

5. Pumzi ya polepole. Kaa ukiwa umenyooka, au lala chali na mkono mmoja juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo linyanyuke. Toa ukihesabu hadi 6. Fanya kwa dakika 5. Ukisikia kizunguzungu, rudi kwenye pumzi ya kawaida.

Yote kwa pamoja ni kama dakika 15. Fanya kila siku, au angalau mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12, ndipo uamue kama yanakufaa. Ni vizuri kufanya pamoja. Jumuiya ndogo ndogo au kikundi cha WAWATA kinaweza kutenga dakika 15 kabla ya kuanza mkutano. Anayefanya peke yake huacha mapema.

NENDA KITUO CHA AFYA, USISUBIRI

Usianze mazoezi, bali nenda ukapimwe, iwapo:

- mgongo ulianza kuuma baada ya kuanguka au kuangukiwa na jiwe;
- mguu umekufa ganzi au umekosa nguvu;
- mkojo au haja kubwa inatoka bila kujua, au mkojo umeziba;
- mgongo unauma pamoja na homa, kukonda au jasho la usiku, kwa maana kifua kikuu huweza kushika hata pingili za uti wa mgongo;
- maumivu hayakupi usingizi, hata ukilala vipi;
- una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au unaishiwa pumzi kwa kazi ambayo zamani ulikuwa ukiiweza.

Mama mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo waulize kwanza.

TUMRUDIE YULE BABA

Tungemwambia nini baba yule tuliyeanza naye? Tungemwambia aendelee na mazoezi ya mgongo, kwa sababu yanamfaa kweli. Tungemwambia apunguze vidonge kwa ushauri wa mganga, asali Rozari na familia yake taratibu jioni, na kumshukuru kijana wake aliyemjali. Kisha tungemwambia: kesho asubuhi, kabla ya kushuka duarani, upeleke makohozi yako yakapimwe. Mkeka ni wa mgongo. Kifua kina njia yake, nayo inapita hospitali.

Kama nyumbani kwako yuko mtu wa namna hiyo, usiuweke ukurasa huu kabatini. Msomee leo, na kesho umsindikize.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.